Aliyevaa sare na siri za Bunge: nani anaruhusiwa kujua nini?

Somo la toleo hili linaweza kuonekana kuwa mbali na maisha ya mtu anayelala chini ya shitingi. Linahusu mtu aliyekuwa askari, ambaye leo anafanya kazi katika ofisi ya mbunge au katika komisheni ya Bunge. Je, anaruhusiwa kusoma karatasi za siri za serikali? Nani anampa ruhusa hiyo, na nani anaweza kumnyang'anya?

Tunalileta kwenu kwa sababu hii. Ujumbe wa wabunge unapofika kambini, mbunge husalimia, husikiliza na hutoa maneno ya faraja. Lakini anayeandika ni msaidizi wake. Daftari la msaidizi ndilo linalobeba jina la mama aliyesimama kusema, kijiji alichotoka, na jina la komanda aliyemtaja. Kuna pia karatasi zinazokwenda upande mwingine: askari wataondoka lini katika kituo fulani, barabara gani itafunguliwa, kundi gani linazungumza na serikali kwa siri. Habari za raia na habari za jeshi zinakutana katika mfuko wa mtu mmoja ambaye hakuchaguliwa na mtu, na ambaye mara nyingi hatujui jina lake. Kama mtu huyo alikuwa na bunduki jana, ni haki kuuliza alichunguzwa na nani kabla ya kupewa kalamu.

Maneno mawili ya kuelewa kwanza

Neno la kwanza ni kibali cha usalama. Ni uamuzi wa maandishi unaosema kwamba mtu fulani amechunguzwa na anaweza kuaminiwa kusoma siri za serikali mpaka kiwango fulani. Si cheo wala medali, na si shukrani kwa utumishi wa zamani.

Neno la pili ni haja ya kujua. Hata mwenye kibali hafungui kila faili. Anafungua lile tu ambalo kazi yake ya leo inamlazimu kulisoma. Kambini mnalijua jambo hili vizuri bila kulipa jina: mwenye ufunguo wa depo la chakula ni mtu wa kuaminiwa, lakini ufunguo huo haumpi ruhusa ya kusoma daftari la wagonjwa katika kituo cha afya. Na muuguzi naye, pamoja na heshima yake yote, hana sababu ya kuhesabu magunia.

Maneno haya mawili huchanganywa mara nyingi, hata na watu waliosoma. Mtu husema, "Mimi nilikuwa kapiteni, nimeona siri kubwa kuliko hizi." Huenda ni kweli. Lakini aliziona akiwa kapiteni, katika kazi ya kapiteni.

Mfano wa Marekani

Tumechagua kusoma mfano wa Marekani kwa sababu kanuni zake zimeandikwa na kutangazwa wazi, na kwa sababu wako askari wa zamani katika ofisi za Kongresi yao. Hatusemi kwamba ni nchi isiyo na makosa. Tutayaona makosa yake hapa chini.

Jambo la kwanza huwashangaza watu wengi: mbunge na seneta wa Marekani hawachunguzwi kupewa kibali. Wamechaguliwa na wananchi, na Katiba imetaja sifa zao. Kama serikali ingeweza kumnyima mbunge kibali, ingeweza kuchagua ni mbunge gani aikague na yupi afungiwe mlango. Kwa hiyo mbunge anakula kiapo. Katika Baraza la Wawakilishi kuna kanuni inayomtaka aape kutotoa siri kabla ya kuzisoma.

Msaidizi wake hana kinga hiyo. Awe amesoma chuo kikuu gani, awe mtoto wa nani, anajaza fomu. Fomu hiyo inaitwa Standard Form 86, na ina kurasa zaidi ya 100. Inauliza mahali alipoishi kwa miaka 10, ndugu na marafiki walio nchi za nje, madeni, kesi, pombe, dawa za kulevya. Ina pia sehemu nzima juu ya utumishi wa jeshi: ulitumikia wapi, uliondoka kwa namna gani, uliwahi kupewa adhabu ya kijeshi, na je, uliwahi kutumikia jeshi la nchi nyingine? Kudanganya katika fomu hiyo ni kosa la jinai, na mara nyingi uongo humwangusha mtu kuliko jambo lenyewe alilolificha.

Wachunguzi ni watu wa serikali. Siri zenyewe zina viwango vitatu, na cha juu kabisa ni siri kuu. Kanuni ya msingi imo katika amri ya Rais namba 12968 ya mwaka 1995: hakuna anayesoma siri mpaka amekubaliwa baada ya uchunguzi, ametia sahihi ahadi ya kutunza siri, na ana haja ya kujua. Kuanzia Juni 2017 wanaoamua wanatumia mwongozo mmoja wenye mambo 13 ya kupima, kama vile utii kwa nchi, ushawishi wa wageni, fedha, ulevi, jinai, na namna mtu alivyotunza siri alizopewa zamani. Wanatakiwa kumtazama mtu mzima, mabaya na mazuri yake, muda uliopita tangu kosa, na kama amebadilika kweli.

Sasa, utumishi wa jeshi unahesabiwaje? Unahesabiwa pande zote mbili. Aliyetumikia vizuri ana kumbukumbu nzuri ya kuonyesha, na kama uchunguzi wake wa jeshini haujazeeka, ofisi mpya inaweza kuukubali badala ya kuanza upya. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa miaka 2: aliyekaa nje zaidi ya hapo alirudi mwanzo wa foleni. Lakini aliyefukuzwa jeshini kwa aibu anabeba mzigo. Mwongozo wa 2017 unataja kuondolewa jeshini bila heshima kuwa ni jambo la kutia shaka. Sheria ya mwaka 2008, inayojulikana kwa jina la seneta Bond, inakwenda mbali zaidi: aliyefukuzwa kwa aibu hapewi ruhusa ya kuingia katika siri za ndani kabisa, isipokuwa kwa sababu maalumu iliyoandikwa.

Wako pia askari wa akiba. Huyu anafanya kazi Kongresi siku za kazi, na mwisho wa juma moja kila mwezi anavaa sare na kwenda mazoezini. Jeshini amepewa kibali kwa kazi ya jeshi. Jumatatu akirudi ofisini, kibali hicho hakimfungulii kabati la komisheni. Ofisi inayomwajiri ndiyo inayoomba aruhusiwe, kwa kazi ya ofisi hiyo, na idadi ya wasaidizi wanaoombewa ina mpaka. Na yale aliyoyasoma kambini mwa jeshi hawezi kumnong'oneza mbunge wake kwa sababu tu anampenda au anamhurumia. Yana njia yake ya kufika Bungeni, nayo haipiti mdomoni mwake.

Nani anashika ufunguo wa kabati? Hapa Kongresi imejitahidi kutoacha kila kitu mikononi mwa serikali. Seneti ina ofisi yake ya usalama tangu mwaka 1987, na Baraza la Wawakilishi lina ya kwake chini ya afisa mlinzi wa Baraza. Wachunguzi wa serikali wanasema kama mtu anaaminika. Bunge lenyewe linasema nani atakaa katika chumba gani na kusoma nini. Anayekataliwa anaelezwa sababu kwa maandishi, kwa kiasi ambacho usalama unaruhusu, na anaweza kukata rufaa. Lakini hawezi kudai kibali kama haki yake ya kuzaliwa. Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilisema hivyo mwaka 1988 katika kesi ya mfanyakazi wa jeshi la majini aitwaye Egan.

Wala milango haikufungwa kwa waliopigana. Tangu 2008 Baraza la Wawakilishi lina mpango wa kuwaajiri askari wa zamani waliojeruhiwa vitani, wafanye kazi katika ofisi za wabunge. Wanachunguzwa kama wengine pale kazi inapogusa siri.

Uchunguzi haumalizi kazi

Tusije tukadhani kwamba karatasi nzuri huzuia kila ubaya. James Wolfe alikuwa mchambuzi wa upelelezi katika jeshi la nchi kavu la Marekani, kisha akafanya kazi karibu miaka 30 katika komisheni ya upelelezi ya Seneti. Cheo chake kilikuwa mkuu wa usalama wa komisheni, yaani yeye ndiye aliyesimamia karatasi za siri zinapoingia na kutoka. Mwaka 2018 alikiri mahakamani kwamba aliwadanganya wapelelezi juu ya mawasiliano yake na waandishi wa habari, akahukumiwa miezi 2 gerezani. Hakuhukumiwa kwa kutoa siri za serikali. Alihukumiwa kwa uongo. Tuwe waangalifu hapo, kwa sababu haki inataka kumsema mtu kwa lile alilohukumiwa tu.

Mwingine hakuwa mtumishi wa Bunge, alikuwa askari kijana wa akiba ya jeshi la anga katika jimbo la Massachusetts. Jack Teixeira alikuwa na kibali cha siri kuu kwa sababu ya kazi yake ya kompyuta. Alisoma karatasi ambazo kazi yake haikumhitaji kuzisoma, akazisambaza katika kikundi cha marafiki kwenye intaneti. Alikamatwa Aprili 2023, na Novemba 2024 akahukumiwa miaka 15. Wakubwa wake walikuwa wamemwona akichungulia mambo yasiyomhusu, wakamwonya, wakamwacha aendelee. Kibali alikuwa nacho. Haja ya kujua ndiyo aliyokosa, na hakuna aliyemsimamisha.

Watu hawa wawili wanatufundisha kwamba uchunguzi wa siku ya kuingia hautoshi. Mtu hubadilika, hupata madeni, hupata marafiki wapya, huzoea siri mpaka akaziona ni habari za kawaida. Kibali kinahitaji kutazamwa tena na tena, na awepo mtu mwenye uwezo wa kukifuta siku hiyohiyo.

Na kwetu Kongo?

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 ina maneno mazuri juu ya jeshi na siasa. Kifungu cha 188 kinasema majeshi ni ya taifa zima, hayana siasa, na yako chini ya mamlaka ya raia. Anayeyageuza kwa faida yake mwenyewe anafanya uhaini mkubwa. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda kundi la silaha au kulea vijana wenye silaha. Kifungu cha 108 kinasema kazi ya mbunge au seneta haipatani na kuwa mwanajeshi, polisi au mtu wa idara za usalama. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 2006, pamoja na mabadiliko yake, inamtaka mwanajeshi au polisi anayetaka kugombea awe amejiuzulu au amestaafishwa kabla ya mwisho wa kupokea majina ya wagombea. Kama mjuavyo, askari na polisi wetu hawapigi hata kura.

Someni tena vifungu hivyo polepole. Vinamhusu anayechaguliwa. Msaidizi wa mbunge hachaguliwi, na kifungu cha 108 hakimtaji. Mlango wa mbele umewekewa kufuli, na ni vizuri. Sisi tunauliza juu ya mlango wa jikoni.

Hata kufuli la mlango wa mbele limewahi kujaribiwa. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, makundi ya silaha yalishambulia vijiji vya Walikale, na Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Januari 2011 mahakama za Kongo zilitoa hati ya kumkamata Ntabo Ntaberi Sheka, mkuu wa mojawapo ya makundi hayo. Mwaka huohuo wa 2011 Sheka aligombea ubunge katika Walikale ileile, akifanya kampeni mbele ya watu walewale. Hakuingia Bungeni. Alijisalimisha Julai 2017, na tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu kifungo cha maisha. Fikirini mama wa Walikale katika kampeni ile. Na fikirini kama, badala ya kugombea, mtu wa namna hiyo angemtuma kijana wake awe karani wa komisheni inayochunguza mashambulizi hayo. Hakuna bango ambalo lingetangaza jina la karani.

Historia yetu inaongeza ugumu. Mapatano ya Pretoria ya tarehe 17 Desemba 2002 yaliunda serikali ya mpito na Bunge lenye wabunge 500 na maseneta 120. Hawakuchaguliwa na wananchi. Waliletwa na pande zilizokuwa zikipigana, pamoja na upinzani wa kisiasa na mashirika ya raia. Ilikuwa bei ya kunyamazisha bunduki, na wengi wetu tuliikubali. Lakini kila upande ulikuja na watu wake, walinzi wake, makarani wake. Uaminifu wa mtu ulipimwa kwa upande aliotoka. Jeshini nako brasaji ilichanganya vikosi kwa hesabu za watu na bunduki kuliko kwa historia ya kila mmoja.

Halafu yakaja mapatano ya tarehe 23 Machi 2009 kati ya serikali na CNDP. Wapiganaji waliingizwa katika FARDC na polisi, na kundi lenyewe likageuka chama cha siasa. Miongoni mwa walioingia jeshini kama jenerali alikuwa Bosco Ntaganda, ambaye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imeshatoa hati ya kumkamata mwaka 2006 na kuitangaza hadharani Aprili 2008. Hakuna aliyeweza kusema hakujua. Alijipeleka mwenyewe katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali Machi 2013, na mwaka 2019 akahukumiwa miaka 30. Kwa karibu miaka mitatu baada ya mapatano hayo alikuwa ofisa wa jeshi la taifa, na familia zilizomkimbia zilisikia jina lake redioni pamoja na cheo chake.

Msamaha ni kitu kimoja, kibali ni kingine

Hapa ndipo vikundi vyetu vya mafunzo hubishana zaidi, basi tukae hapa kidogo.

Kongo imetoa sheria za msamaha mara kadhaa. Ile ya Mei 2009 ilihusu matendo ya vita katika Kivu zote mbili. Ile ya tarehe 11 Februari 2014 ilifuata kushindwa kwa M23 mwaka 2013 na matamko ya Nairobi. Ilimtaka kila anayesamehewa aandike ahadi ya kutorudia. Sheria hizo hazikusamehe mauaji ya kimbari, makosa ya kivita wala makosa dhidi ya ubinadamu, na ya 2014 ilitaja pia ubakaji na kuingiza watoto jeshini.

Sasa mtu anasema: "Nimesamehewa na sheria, mnanizuiaje?" Tujibu kwa utulivu. Msamaha unasema serikali haitakushtaki kwa kosa la kushika silaha dhidi yake. Unakurudisha nyumbani, shambani, sokoni, kanisani au msikitini. Hausemi kwamba unaweza kukabidhiwa orodha ya mashahidi waliokutaja. Mwizi wa ng'ombe aliyesamehewa na mwami anarudi kukaa kijijini na kunywa na wenzake, lakini wazee hawamkabidhi zizi juma linalofuata. Huko si kulipiza kisasi, na wala hakuna anayemfukuza. Wanampa muda, wanamtazama.

Upande mwingine pia una haki yake. Wako vijana walioingizwa porini kwa nguvu wakiwa watoto, wako askari wa FARDC walioondoka jeshini kwa heshima na mguu mmoja, wako makarani wa kundi ambao hawakugusa bunduki. Kuwafungia wote mlango kwa jina la usalama ni kuwaambia kwamba porini ndiko kwao. Ndiyo maana tunapendelea uchunguzi wa mtu mmojammoja kuliko marufuku ya jumla. Aulizwe yeye, kwa matendo yake, siyo kabila lake wala kundi lake. Tukilegeza hapo, neno "usalama" litakuwa jina jipya la chuki ya zamani, na eneo letu limeshaona matunda yake.

Jambo hili halijawa historia. Mpango wa kutoa silaha uitwao P-DDRCS uliundwa Julai 2021. Mwaka 2023 nchi ilianzisha jeshi la akiba, kwa hiyo swali la mtu mwenye mguu mmoja jeshini na mwingine uraiani ni letu pia. Katika Doha, serikali na AFC/M23 walitia sahihi tamko la kanuni tarehe 19 Julai 2025, kisha mapatano ya mfumo tarehe 15 Novemba 2025. Kila mapatano ya namna hii hufika mahali pa kuuliza: wapiganaji na viongozi wao wataingia wapi? Wakubwa huhesabu viti vya mawaziri na nyota za mabegani. Makarani, wasaidizi na madereva wa komisheni hawatajwi mezani. Sisi tuwataje.

Nani amchunguze nani?

Mtu anaweza kusema kazi hii wapewe watu wa upelelezi wa jeshi, kwa kuwa wao ndio wenye mafaili. Ni jibu la haraka, na lina hatari. Bunge lina kazi ya kulikagua jeshi: fedha za mishahara, mwenendo wa askari, operesheni zilizowakimbiza watu. Kama jeshi ndilo linaloamua peke yake msaidizi gani wa komisheni ya ulinzi na usalama anaaminika, basi anayekaguliwa anamchagua mkaguzi. Wakati wa hali ya dharura ya kijeshi iliyoanza tarehe 6 Mei 2021 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, magavana walikuwa maofisa wa jeshi, mabaraza ya mikoa yalisimamishwa, na Bunge la Kinshasa liliombwa kuirefusha kila siku 15. Katika hali kama hiyo, mbunge asiye na msaidizi huru wa kumsomea karatasi anapiga kura gizani.

Kwa upande mwingine, Bunge likijichunguza lenyewe tu, wabunge watawapitisha shemeji zao. Njia ya katikati tuliyoiona, yaani mchunguzi awe nje, mshika ufunguo awe Bunge, na anayekataliwa aambiwe sababu, kwa maoni yangu ndiyo inayofaa kujadiliwa hata kwetu. Ina gharama na inachukua miezi. Lakini inatenganisha mikono.

Mnachoweza kufanya sasa

Hamna haja ya kungoja sheria mpya ili kulinda majina yenu. Ujumbe wa Bunge au wa serikali ukifika, kiongozi wa kambi ana haki ya kuuliza kwa adabu: "Waheshimiwa, anayeandika ni nani, na daftari hili litakaa wapi?" Mheshimiwa wa kweli hatakasirika. Mkutano wa hadhara utumike kusema mahitaji: maji, shule, mbegu, barabara. Ushuhuda wenye jina la mtenda kosa usisemwe hadharani. Utolewe faraghani, kwa mtu mliyemchagua, na jina la shahidi likae katika karatasi tofauti na maelezo yake, kwa namba au alama inayojulikana na watu wawili tu. Msikubali picha za simu wakati wa ushuhuda. Orodha ya kaya isitolewe nakala kwa kila anayeiomba, hata akiwa na beji shingoni.

Tena mna silaha moja isiyo na risasi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandika ombi, peke yake au pamoja na wengine, kwa mamlaka ya serikali, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu katika miezi 3. Kifungu hichohicho kinakataza kumshtaki mtu kwa sababu ya kuandika. Kamati ya kambi inaweza kumwandikia spika au mkuu wa komisheni ya ulinzi na usalama kuuliza maneno mawili tu: wasaidizi wanaoshika ushuhuda wa raia wanachunguzwaje, na raia apeleke wapi malalamiko kama jina lake limevuja? Barua iwe fupi, iwe na tarehe, na nakala ibaki. Hesabuni miezi mitatu kutoka siku ilipopokelewa. Wasiojua kuandika watie alama ya kidole, lakini wale wanaoogopa wasilazimishwe. Sahihi kumi za hiari zinatosha.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Ujumbe wa mwisho uliofika kwenu, nani aliandika, na mlijuaje yeye ni nani? Kijana wa eneo lenu aliyetoka porini miaka mitano iliyopita na kumaliza chuo anaomba kazi kwa mbunge: mngetaka aulizwe nini, na ni swali gani mngeona ni la uonevu? Katika kamati yenu ya kambi, nani anaweza leo kusoma orodha ya kaya, na kati yao nani kweli anaihitaji kwa kazi yake? Akina mama wajadili kwanza peke yao swali la mwisho: ni habari gani mngempa mbunge mwanamke peke yake, bila msaidizi yeyote chumbani?

Karani wa kikundi aandike majibu bila majina ya watu wala ya vijiji, na ayakabidhi kwa mkono kwa afisa wetu wa eneo siku ya kikao kinachofuata. Msiyatume kwa simu.